Raketi Mkono Huu, Saa Mkono Ule: Mwongozo kwa Watu wa Nyanda za Juu Kusini

Saa inavaliwa mkono usioshika raketi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza watu huuliza wakishanunua saa janja, na wengi hufanya kinyume, wakidhani mkono unaofanya kazi ndio unaostahili kupimwa. Moyo ni mmoja na mapigo yake yanafika mikono yote miwili. Tofauti ni kwamba mkono wa raketi unatikiswa muda wote, na saa ikitikiswa hivyo inaanza kubahatisha.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au wilaya za jirani ambaye kazi yake ni ya kukaa: mwalimu, karani, mwenye duka, dereva wa malori ya Tunduma. Ameshaambiwa na daktari, au na mkanda wa suruali, kwamba lazima ajishughulishe. Mkulima wa viazi wa Uporoto simfundishi kutoka jasho. Ila hata yeye mchezo wa raketi utampa kitu ambacho jembe halimpi: wepesi wa kugeuka, macho na miguu kufanya kazi pamoja, na saa moja ya kutaniana na wenzake.

Kwa nini raketi

Kuna tafiti mbili kubwa ambazo hutajwa sana. Ya kwanza ni ya Copenhagen, Denmark, iliyochapishwa mwaka 2018. Watu 8,577 walifuatiliwa kwa muda wa hadi miaka 25. Waliocheza tenisi walikadiriwa kuishi miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi. Wa mpira wa vinyoya (badminton) miaka 6.2; wa soka 4.7, waliokimbia polepole 3.2; na wale wa kwenda jimu 1.5. Ya pili ilihusu watu 80,306 wa England na Scotland, na matokeo yake yalitoka mwishoni mwa 2016: wachezaji wa michezo ya raketi walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 47, na ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 56, wakilinganishwa na wasiocheza.

Usikimbilie kujijumlishia miaka. Tafiti hizi ziliwaangalia watu jinsi wanavyoishi. Hazikuwagawa kwa kura, huyu acheze na yule akae. Mtu anayecheza tenisi Copenhagen mara nyingi ana kipato, ana elimu na ana marafiki, na vyote hivyo vinarefusha maisha hata raketi isipokuwepo. Watafiti hujitahidi kuviondoa kwenye hesabu, lakini haviondoki vyote. Mimi ninachochukua kwenye namba hizo ni jambo dogo zaidi: mchezo unaohitaji mwenzako hauachwi haraka. Mtu akiwa anakusubiri uwanjani saa kumi na moja jioni utakwenda, hata siku ambayo mwili umegoma.

Kisha kuna namna mchezo wenyewe ulivyo. Pointi nyingi za tenisi na za vinyoya huisha ndani ya sekunde 10. Unachomoka, unainama, unaruka, halafu unapumua huku ukiokota mpira. Moyo unapandishwa na kushushwa mara nyingi ndani ya saa moja bila wewe kuhesabu chochote. Mifupa nayo hufaidi. Watafiti wa Finland mwaka 1995 waliwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, wakakuta mifupa ya mkono wa raketi ina madini mengi kuliko ya mkono wa pili, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au karibu na wakati huo. Mwenye binti wa darasa la tano asimwache nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua mchezo kwa kuangalia mahali ulipo

Watu huanza na mchezo wanaoupenda kwenye televisheni, wakanunua raketi, kisha wakagundua uwanja hakuna. Geuza mpangilio huo.

Tenisi inataka uwanja wa kweli, urefu wa mita 23.77, sakafu ngumu na iliyosawazishwa. Viwanja vya namna hiyo huku kwetu si vingi, na hukaa ndani ya uzio wa taasisi au wa mtu binafsi. Ulizia ruhusa na saa za kucheza kabla hujatoa hela yako. Jambo la pili kuhusu tenisi ni hewa. Mbeya mjini iko kwenye mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na Iringa nayo imepita 1,500. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira unakwenda mbali na kudunda juu. Shirikisho la kimataifa la tenisi lina aina maalumu ya mpira kwa sehemu zilizo juu ya mita 1,219, na sisi sote tumepita hapo. Usihangaike kuutafuta. Mpira uliokwisha kutumika, ambao umepoteza msukumo kidogo, unamfaa anayeanza kuliko mpya uliotoka kwenye kopo.

Mpira wa vinyoya ndio ningewashauri wengi. Uwanja wake ni mita 13.40 kwa 6.10, wavu una kimo cha mita 1.55 kwenye nguzo, na unaweza kuuchora kwa chokaa kwenye ua wa shule au kwa utepe kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia. Adui ni upepo. Mtu wa Makambako asijisumbue kucheza nje, kinyoya, yaani kile kijipira chepesi kinachopigwa, kitaishia kwa jirani. Kinyoya chenyewe kina kasi tofauti tofauti. Vile vya plastiki huwa na mstari wa rangi kwenye kichwa: kijani ni cha polepole, bluu ni cha kati, nyekundu ni cha kasi. Mahali pa juu kinyoya hukimbia zaidi kwa sababu ya wepesi wa hewa, ingawa baridi nayo hukirudisha nyuma kidogo, maana hewa ya baridi ni nzito. Kwa Mbeya anza na bluu. Kikipitiliza mstari wa nyuma kila ukikipiga, chukua kijani.

Mpira wa meza ndio suluhisho la mvua, na mvua zetu kuanzia Novemba hadi Aprili si za kupuuza. Watu wa Tukuyu wataniambia kwao hazina hata hiyo ratiba. Meza ni mita 2.74 kwa 1.525, kimo sentimita 76. Huna haja ya kuagiza meza ya dukani wakati Mafinga kuna plaiwudi na mafundi seremala wanaojua kazi. Mwambie fundi atumie ubao mnene usionesa, aweke vibao vya kuushikilia kwa chini, kisha mfanye jaribio hili mbele yake kabla hujamlipa salio: achia mpira kutoka kimo cha sentimita 30 juu ya meza. Unapaswa kurudi hadi kama sentimita 23. Rudia katikati, pembeni na kwenye kona. Ukirudi 23 katikati na 15 kwenye kona, meza haijakaa sawa, na atakayelaumiwa kwa kukosa mipira yote ni mchezaji.

Hatua ya 2: Pima mwili kabla ya kununua chochote

Ukiwa umepita miaka 40, au una presha, sukari, uzito mkubwa, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, nenda kituo cha afya kwanza. Wapime presha na sukari, uwaeleze unataka kuanza mchezo wa kukimbia na kusimama ghafla. Huo ndio mstari muhimu wa kumwambia daktari, maana "mazoezi" pekee yanaweza kumfanya afikirie kutembea.

Uliza swali moja zaidi: je, dawa ninazotumia zinashusha mapigo ya moyo? Atenolol, bisoprolol, propranolol na carvedilol hufanya hivyo. Mtu anayezitumia anaweza kucheza hadi akatweta, saa ikamwonyesha mapigo 105 na kumwambia yuko kwenye mazoezi mepesi. Saa haijui umemeza nini asubuhi. Wewe wa dawa hizi, viwango vya mapigo nitakavyovitaja huko mbele havikuhusu. Tumia kipimo cha pumzi ambacho nacho nitakieleza.

Mwenye sukari anayetumia insulini au glibenclamide atembee na kitu kitamu mfukoni, apime kabla ya kucheza, na mwenzake wa upande wa pili wa wavu ajue hali yake.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Raba ndizo za kutumia pesa. Za kukimbilia zina soli nene na laini, ukigeuka ghafla kifundo cha mguu kinapinda. Tafuta zenye soli pana na ya chini. Mitumba ya Mwanjelwa hutoa raba nzuri za uwanjani kwa mwenye subira ya kupekua. Kunja soli kwa mikono miwili, ikikunjikia katikati ya unyayo iache, inatakiwa ikunjikie kwenye vidole.

Raketi ya mtumba igonge kidogo kwa kidole na usikilize. Yenye ufa hutoa mlio wa kukwaruza. Mpini usiwe mnene mno wala mwembamba mno: ukiushika, pabaki nafasi ya kidole kimoja kati ya ncha za vidole na kiganja. Mpini usiolingana na mkono pamoja na nyuzi zilizokazwa kupita kiasi huchangia maumivu ya kiwiko upande wa nje, ambayo yakishaanza huchukua miezi kuondoka.

Hatua ya 4: Pasha mwili, hasa Juni hadi Agosti

Asubuhi za Mbeya mwezi wa saba zinashuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete ni baridi zaidi ya hapo. Misuli na kano za baridi ndizo zinazochanika. Kano ya kisigino ndiyo inayowakuta wanaume wa miaka 30 hadi 50 waliokuwa wachezaji wazuri wa mpira shuleni: akili bado inakumbuka, kisigino kimesahau. Wakati inakatika mtu husikia kama amepigwa teke kwa nyuma, akigeuka hakuna mtu.

Dakika 10 zinatosha. Tembea haraka ukizunguka uwanja, kisha kimbia taratibu, nenda upandeupande kama unavyofuata mpira, zungusha mabega, panda na kushuka kwa vidole vya miguu. Ndipo mpigiane mipira laini bila kuhesabu pointi. Koti la baridi livuliwe jasho likishaanza, si kabla. Na kunywa maji hata kama huna kiu, maana baridi huficha kiu. Kofia pia, jua la milimani linachoma hata hewa ikiwa ya ubaridi.

Kwenye mchezo wa wawili kwa wawili kuna kanuni moja ya usalama: ukiwa mbele karibu na wavu, usigeuke kumtazama mwenzako aliye nyuma anapopiga. Kinyoya kikiingia jichoni kwa kasi kinaweza kuharibu uwezo wa kuona kabisa.

Hatua ya 5: Vaa saa sawasawa na uijaribu

Geuza saa uone chini yake: kuna taa ya kijani inayomweka. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma damu nyingi mkononi, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua. Saa huhesabu huko kupanda na kushuka kwa mwanga. Kila kinachoingilia mwanga huo kinaharibu kipimo: mkanda uliolegea, mkono unaotikisika, mchoro wa tatuu, na baridi, ambayo hubana mishipa ya ngozi hadi damu inayopita hapo ikawa haba. Ngozi nyeusi nayo hunyonya sehemu ya mwanga, na kwa saa nyingine za bei ya chini hilo huongeza makosa.

Kwa hiyo fanya hivi. Ivae mkono wa pili, juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa kidole kimoja, ukielekea kwenye kiwiko. Kaza mkanda kiasi kwamba saa haitelezi ukitikisa mkono, kisha ilegeze ukimaliza. Siku za baridi ifunike na mkono wa sweta. Muhimu kuliko vyote, bonyeza sehemu ya mazoezi kabla ya kuanza. Bendi nyingi za bei nafuu hupima moyo mara moja kila baada ya dakika kadhaa. Zikiwekwa kwenye mazoezi ndipo hupima mfululizo. Kama "badminton" au "tenisi" haimo kwenye orodha, chagua mazoezi huru. Ukiwa ukumbini usichague kukimbia, itatafuta setilaiti na kukupa kilomita za kubuni.

Sasa ijaribu. Watu huambiana eti ukiifunga saa kwenye chupa ikaonyesha mapigo basi ni feki. Si jaribio la kutegemea, hata saa nzuri inaweza kudanganywa na kitu kisicho na moyo. Jaribio la maana ni hili: kaa chini dakika tano, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima huku saa ikipima mkono wa pili. Kisha panda na kushuka ngazi hadi uheme, hesabu tena kwa sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Zikipishana kwa mapigo matano hivi, saa inafaa. Zikipishana kwa 30, rudi nayo kwa aliyekuuzia.

Jihadhari pia na saa kushika mwendo badala ya moyo. Dalili yake ni namba iliyoganda, tuseme 165, wakati wewe umesimama unafunga kamba za kiatu. Hapo imehesabu mtikisiko wa mkono. Sogeza saa juu kidogo, kaza, subiri. Anayetaka usahihi wa kweli anunue mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo. Unalowanishwa kwa maji kidogo kabla ya kuvaliwa. Kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kipimo cha moyo kisicho na waya cha kuvaa mwaka 1982, na wazo hilo bado linazishinda saa za kisasa kwenye michezo ya kutikisika. Lakini kwa anayeanza si lazima.

Hatua ya 6: Jua kiwango chako

Toa umri wako kwenye 220, utapata makadirio ya mapigo ya juu kabisa. Mtu wa miaka 45 ana 175. Mazoezi ya wastani kwake ni kati ya 112 na 133, yaani asilimia 64 hadi 76. Mazoezi makali ni 135 hadi 163 hivi. Mtu wa miaka 60 ana 160, wastani wake 102 hadi 122. Haya ni makadirio tu; wapo wanaopishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi na wana afya njema. Mgeni aliyepanda juzi kutoka Dar es Salaam asishangae akiona mapigo yamezidi kuliko alivyozoea. Mbeya hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na moyo unafidia mpaka mwili uzoee.

Kipimo cha pumzi, yaani kuona kama bado unaweza kuzungumza huku ukicheza, hakihitaji chaji, na huku kwetu tuna salamu ndefu za kukitumia. Nimekiona vizuri Iringa kwenye mchezo wa wawili kwa wawili, kijana akimpigia mama mtu mzima kinyoya cha juu:

"Kamwene, shikamoo mama! Za nyumbani?"

"Marahaba mwanangu. Nyumbani salama, watoto wazima, mahindi yanakaribia kuvunwa, hebu piga hapo."

Mama huyo yuko kwenye mazoezi ya wastani. Dakika kumi baadaye salamu ileile ikijibiwa kwa "Mara... haba" na mkono kiunoni, ameingia kwenye makali. Akishindwa kujibu kabisa, mchezo usimame.

Hatua ya 7: Panga wiki

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, au mchanganyiko wake, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Usianze hapo. Wiki mbili za mwanzo cheza siku mbili, dakika 20 kila siku, mkipigiana bila kushindana. Kisha ongeza dakika 10 kila wiki mbili, halafu ongeza siku ya tatu. Acha siku moja katikati. Viungo hujengeka wakati wa kupumzika. Katika miezi miwili au mitatu utakuwa umeikaribia 150 bila kulazwa na goti.

Hapa saa ina faida ambayo watu hawaitumii. Umekaa uwanjani saa nzima, lakini nusu yake mlikuwa mnatafuta kinyoya juu ya bati na kubishana kama kilitoka au hakikutoka. Saa itakuonyesha dakika ulizokuwa kwenye mapigo ya wastani na makali. Hesabu hizo tu. Baadhi ya saa, kama za Amazfit, hutoa alama iitwayo PAI, inayohesabiwa kutokana na mapigo ya moyo na iliyotokana na utafiti wa Norway: lengo ni kubaki juu ya 100 kwa jumla ya siku saba. Ukiwa nayo, inatosha peke yake, na inahesabu pia siku uliyolima.

Hatua ya 8: Andika namba tatu, nyingine ziache

Saa itakutupia namba nyingi: hatua, kalori, usingizi, msongo, oksijeni. Ninaziamini tatu, na naziandika kwenye daftari kwa sababu programu hubadilika, simu huibiwa na bando huisha.

Ya kwanza ni mapigo ya asubuhi, ukiwa bado kitandani, kabla ya chai. Kwa mtu mzima 60 hadi 100 ni kawaida. Ukicheza kwa miezi kadhaa kuna uwezekano mkubwa yakashuka taratibu. Na siku yakiruka ghafla kwa 10 hivi juu ya kawaida yako, mara nyingi mwili unapambana na kitu: mafua, homa inayokuja, usingizi mbovu, au mbege ya jana. Siku hiyo usicheze.

Ya pili ni dakika za wiki, zile halisi. Ya tatu ni kushuka kwa mapigo. Ukimaliza mchezo mkali, tazama saa, tembea polepole dakika moja, tazama tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 Marekani ulikuta kwamba watu ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika hiyo ya kwanza walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka sita iliyofuata. Usijipime siku moja ukaanza kuandika wosia. Angalia mwelekeo wa miezi. Saa huchelewa sekunde kadhaa kufuata moyo, kwa hiyo pima kwa namna ileile kila mara.

Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

*Jumanne. Asubuhi 74. Vinyoya, wawili kwa wawili, ukumbini. Dakika za kweli 31. Mwisho 148, baada ya dakika moja 127. Goti la kushoto liko kimya. Nimelala vibaya.*

Mstari wa goti na wa usingizi saa haiujui, na ndiyo maana daftari linaishinda.

Kalori zisikusumbue. Watafiti wa Stanford walijaribu vifaa saba mwaka 2017: kwa mapigo ya moyo, sita kati yake vilikosea kwa chini ya asilimia 5, lakini kwa kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kibovu zaidi kwa 93. Yaani mtu anaambiwa ameunguza chipsi mayai nzima kumbe ni nusu sahani. Oksijeni nayo isikutishe ikionyesha chini kidogo kuliko ya ndugu yako wa Tanga. Mko mwinuko tofauti.

Kuna na saa zinazouzwa kwa ahadi ya kupima sukari bila kutoboa kidole. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe. Mgonjwa akiamini namba hiyo na kuongeza au kupunguza insulini anaweza kupoteza maisha. Presha pia ipimwe kwa mashine ya mkanda wa mkononi.

Hatua ya 9: Jua lini pa kuacha na lini pa kwenda hospitali

Acha mchezo papo hapo ukisikia kifua kubana au kuuma, maumivu yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika. Usiendeshe gari au pikipiki mwenyewe kwenda hospitali. Kifundo kikiteguka, pumzisha, weka kitu cha baridi juu ya kitambaa, funga, inua mguu. Usipoweza kukanyaga hatua nne, kipigwe picha.

Saa ikitoa onyo la mapigo yasiyo na mpangilio, usiipuuze na usiingiwe na hofu. Baadhi ya onyo hizo huwa za uongo. Nenda wakufanyie kipimo cha umeme wa moyo hospitali ya mkoa au ya rufaa, na kama saa yako inahifadhi mchoro, onyesha.

Siku ya kliniki beba daftari. Fungua kurasa za miezi mitatu ya karibuni, mwonyeshe daktari mapigo ya asubuhi na namba ya kushuka, mtajie dawa na saa unazozimeza. Kama presha imeanza kushuka, yeye ndiye ataamua kupunguza dozi. Usipunguze mwenyewe kwa sababu saa imekupongeza. Na kama anaona goti limetajwa mara nyingi kuliko mchezo, muulize kuhusu kuhamia mpira wa meza kwa muda.